Kiti chenye K Kubwa

Kiti cha shangazi yangu kazini kilikuwa na ugonjwa wa kushuka. Anaanza kuchapa barua akiwa mtu mzima; akifika kwenye "wako mtiifu" kidevu chake kiko sawa na meza, kama mtoto anayesubiri kulishwa uji. Hapo anasimama, anavuta kile chuma cha pembeni, kiti kinapanda huku kinalia, anakaa, na safari ya kwenda chini inaanza upya. Egemeo lilishang'oka zamani, kikabaki chuma kitupu kimesimama nyuma yake kama antena ya redio. Ukiegemea, unapata habari mbaya.

Shangazi ni katibu muhtasi wa ofisi kuu ya jiji. Maana yake, wakubwa wakisema, yeye anaandika, ili baadaye wapate kitu cha kukana. Kazini wanamwita Mama Muhtasari. Alianza enzi za zile mashine za kuchapa ulizokuwa unazigonga kama unapasua kuni, na mameya wamekuja na kuondoka mbele ya macho yake. Picha zao zimepangwa ukutani kwenye ngazi. Wageni wakipita wanaona viongozi. Yeye akipita anakumbuka nani alikuwa anakoroma wakati wa bajeti.

Ameolewa na fundi cherehani, mtu mpole ambaye mtaa mzima unamwita Fundi, na shangazi naye anamwita Fundi, hata wakigombana. Mimi nimelelewa kwao. Chakula cha jioni pale nyumbani hakiliwi hivi hivi, kinafunguliwa. "Yatokanayo na jana," shangazi anasema akipakua, "nani aliacha bomba wazi?" Neno "yatokanayo" nililijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Labda ndiyo maana nilikwenda kusomea utunzaji wa kumbukumbu. Diploma ninayo nusu. Nusu nyingine iko chuoni inanisubiri.

Kwa asiyejua vikao, ajenda ina kichwa, tumbo na mkia. Kichwani kuna yatokanayo, yaani mabaki ya kikao kilichopita, yamepashwa moto. Tumboni kuna mambo yenyewe. Mkiani kuna mengineyo, ambako hutupwa kila kitu kisicho na mwenyewe, na ambako watu huwa wameshaanza kutafuta funguo za magari.

Sasa mgongo wa shangazi ukaanza kulalamika. Kwanza ulilalamika akiinama, halafu akiinuka, mwisho ukawa unalalamika hata akicheka, na mwanamke yule kucheka anapenda. Fundi akamshonea mto kwa mabaki ya vitambaa vya suti. Mto mzuri, umejaa kama mkate uliotoka motoni. Tatizo ni kwamba ulikuwa unateleza, kwa hiyo shangazi akawa anashuka na kuserereka kwa wakati mmoja. Akautia kwenye droo. Akaenda hospitali, daktari akamminya hapa na pale, akamwambia, "Mama, mgongo wako hautaki dawa. Unataka kiti chenye mgongo. Ukiendelea na hicho ulichonisimulia, siku moja utakaa na hutainuka."

Akamwendea afisa ugavi. Afisa ugavi akasema kiti ni mali ya kudumu, hatoi bila neno la Mkurugenzi. Akamvizia Mkurugenzi wa jiji kwenye korido. Mkurugenzi ni mtu wa simu mbili. Moja anaongea, nyingine anaitazama.

"Mkurugenzi, samahani. Ni suala la kiti."

"Liweke kwenye mengineyo, Mama. Tutaliona," akajibu bila kusimama.

Hiyo ndiyo namna ya Mkurugenzi ya kusema hapana. Humwambia kila mtu hivyo: dereva anayeomba ruhusa, mfagizi anayeomba ufagio, nadhani hata mkewe akimwomba waende kumwona mama mkwe. Kila mtu pale anajua maana yake. Ila shangazi kazi yake ya miaka yote ni kuandika wakubwa walichosema kama walivyokisema. Ameambiwa aliweke kwenye mengineyo. Akaliweka.

Angeandika "Kiti cha katibu muhtasi" tusingekuwa na hadithi. Lakini aliona haya kujitia mwenyewe kwenye karatasi ya wakubwa. Na ajenda, kama anavyotufundisha mezani, ni kifuniko cha sufuria, hakielezi kilichopikwa. Suala la Maji. Suala la Mbwa. Herufi kubwa mwanzoni, ndiyo heshima ya kazi. Kwa hiyo mkiani kabisa mwa ajenda ya kikao cha maandalizi akachapa: *Mengineyo: Suala la Kiti.*

Hapa lazima niseme jambo moja kuhusu lugha ya barazani. Madiwani wakikutana, meya akiwa mbele, haitwi meya, anaitwa Kiti. "Naomba Kiti kinilinde." "Kiti kimeshaamua, kaa chini." Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe, na uchaguzi ulikuwa unakaribia. Jengo zima lilikuwa kwenye hali ya kwamba mtu akipiga chafya, watu wanahesabu kura.

Kikao cha maandalizi hufanyika kabla ya kila mkutano wa baraza. Wakubwa wanne huketi kwenye chumba kidogo cha juu kupanga madiwani watabishana kuhusu nini. Mezani kuna kioo, chini ya kioo kuna ramani ya jiji iliyomwagikiwa chai, kwa hiyo kata moja imekuwa ziwa. Meya hukaa kichwani. Naibu Meya, mtu mwenye tabasamu lisilozimwa, hukaa kulia kwake. Mkurugenzi hukaa chini ya feni, na feni ile humpepea yeye peke yake. Mwanasheria wa jiji hukaa dirishani na kitabu cha kanuni chenye vikaratasi vingi kuliko kurasa. Shangazi hukaa pembeni kwenye stuli, jirani na chupa ya chai. Yeye na chupa kazi yao moja: kunyamaza mpaka wahitajiwe.

Siku hiyo walimaliza maji, wakamaliza taa za barabarani, wakakaa sana kwenye mbwa wazururao kwa sababu Naibu alitaka kujua ni wazururao wa kata gani. Mwisho Meya akageuza karatasi, akavua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Suala la Kiti," akasoma. "Kiti gani?"

Feni tu ndiyo iliyojibu.

"Jamani nauliza. Kiti gani?"

"Kimeandikwa kwa K kubwa, Mstahiki," Mwanasheria akasema, kwa sauti ya daktari anayetazama picha ya mapafu. "K kubwa ni Kiti chenyewe."

"Chenyewe kipi?"

"Wewe."

Meya akajitazama, kama anayehakikisha. "Mimi nina suala gani?"

Naibu akasafisha koo. "Mstahiki, mimi naona lisikilizwe tu. Kama ni tupu, si litaonekana ni tupu?"

"Wewe ndiye umelileta?"

"Mimi? Mimi nimelikuta hapa kama wewe. Ila kwa kuwa lipo..."

"Mama Muhtasari!" Meya akageukia kwenye chupa ya chai. "Hili nani kalileta?"

Shangazi akasimama. "Mkurugenzi ndiye aliyesema niliweke, Mstahiki."

Macho yote yakahamia chini ya feni. Mkurugenzi hakuwa anakumbuka korido, hakuwa anakumbuka kiti, na nadhani kwa muda ule hakuwa anakumbuka jina la mama yake. Lakini mkurugenzi asiyejua ajenda iliyotoka ofisini kwake ni sawa na dereva anayewauliza abiria usukani uko wapi.

"Ndiyo," akasema polepole. "Ni suala... pana."

"Pana kiasi gani?"

"Pana, Mstahiki. Lina miguu mingi."

"Minne tu," shangazi akasema.

Alikuwa anasaidia. Alitaka wajue kwamba hata kiti cha kawaida kinamtosha, si lazima cha magurudumu. Lakini Meya alimgeukia Naibu taratibu sana, kwa sababu Naibu alikuwa na madiwani wanne ambao hawakosekani mezani kwake kila mwisho wa juma.

"Minne," Meya akasema. "Kumbe."

"Mstahiki, samahani," shangazi akaanza, "mimi nilichotaka kusema, kile kiti..."

"Mama, wewe andika. Andika kila kitu, hata kikohozi cha huyu bwana."

Akakaa, akaandika. Aliandika Mwanasheria akieleza kwamba kikanuni Kiti hakiwezi kujadili Kiti, kwa hiyo Meya itabidi atoke na Naibu akalie. Akaandika Naibu akikubali haraka. Akaandika Mwanasheria akifungua kikaratasi kingine na kugundua kwamba Naibu akishakalia, naye anakuwa Kiti, na Kiti hakiwezi kujadili Kiti. Akaandika Meya akiuliza, "Sasa nani atabaki?" na Mwanasheria akijibu, "Kanuni zitabaki." Mwisho akaandika kwamba suala liendelee kikao kijacho. Yaani limetoka mengineyo, limeingia yatokanayo. Kwa watu wa vikao, huko ni kupandishwa cheo.

Alitoka pale hajielewi. Alikuja na kiti, akaondoka na mgogoro.

Akamfuata Mkurugenzi ofisini kwake. "Mkurugenzi, lile suala ni kiti changu mimi. Kile kinachoshuka. Ulisema niliweke kwenye mengineyo."

Mkurugenzi akaweka simu zote mbili mezani, jambo ambalo shangazi hakuwahi kuliona. Akainuka, akafunga mlango, akarudi, akajishika kichwa.

"Kiti cha kukalia?"

"Cha kukalia."

"Cha makalio?"

"Sasa kuna kingine, Mkurugenzi?"

Mkurugenzi akashusha sauti. "Mama, sikiliza. Nikienda leo kumwambia Meya kwamba sikujua ajenda yangu, kesho asubuhi mimi ndiye sina kiti, na hiki sisemi cha makalio. Na wewe watasema umetumia karatasi za jiji kwa mambo ya mgongo wako. Tunyamaze."

"Na kiti?"

"Suala limeshakua, Mama. Haliwezi tena kurudi kuwa kiti."

Shangazi akarudi mezani kwake, akakaa, akaanza kushuka.

Aliyefuata kuja alikuwa Naibu. Hakuwahi kukanyaga ofisi ile. Aligonga mlango ulio wazi, akaingia na tabasamu lake, akamwamkia shikamoo, ingawa wamelingana umri na huenda yeye amezidi kidogo.

"Marahaba," shangazi akaitikia, maana hakujua afanye nini kingine.

"Mama yangu, hili suala wewe unalionaje?"

"Mimi nataka kitu cha kuegemea tu, Naibu."

"Basi umeshakipata." Naibu akaweka mkono kifuani. "Mimi ndiye egemeo lako."

"Utaniangalizia na mgongo?"

"Mgongo wako mimi ndiye mlinzi wake. Mpaka mwisho!"

Akaondoka anatembea kama mtu aliyepata kura. Alasiri hiyo hiyo akafika kwa Fundi kupima suti. Akataka iwe pana mabegani, na akasisitiza mara mbili kwamba mtu akikaa isivute.

Jioni shangazi alifungua kikao cha nyumbani kabla hata hajavua viatu.

"Fundi, kesho namwendea Meya mwenyewe. Nimechoka. Namwambia ni kiti changu, basi."

Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja. "Mke wangu, mimi nimekukataza lini? Ila ungesubiri nimalize mikono."

"Mikono ya nani?"

"Ya koti la Naibu. Ukisema kesho, koti hili nani atalichukua? Hili ni koti la mtu aliyekalia kitu."

"Kwa hiyo mgongo wangu unasubiri koti?"

"Mikono tu. Kola nimeshamaliza."

Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya dawa ya kuchua, nikaona nichangie. "Shangazi, hilo si uliweke kwenye mengineyo?"

"Wewe nusu diploma, pakaza dawa. Na usibonyeze kama unakanda unga."

Hakuhitaji kumwendea Meya. Meya alimjia, asubuhi, kabla korido haijajaa watu. Macho mekundu, tai imepinda. Akafunga mlango, akasimama mbele ya meza yake kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Mama, sisi sote tumekukuta hapa. Niambie ukweli wako wote. Nani anakitaka Kiti?"

Shangazi akaona mlango umefunguka. Neno la kweli, kwa mtu anayehusika, ana kwa ana. Alikuwa ameshafika nusu ya safari yake ya chini, lakini akajinyoosha alivyoweza.

"Mimi, Mstahiki."

Meya akamtazama.

"Mimi ndiye ninayekitaka. Mgongo umeniisha."

Meya akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, mpaka machozi yakatoka. "Mgongo umekuisha! Na mimi wangu umeniisha, Mama! Hawa watu wamenipanda mgongoni tangu siku ya kwanza, hakuna hata anayeniuliza nimechoka." Akafuta macho kwa tai. "Asante. Mtu pekee mwenye utani kwenye jengo hili ni wewe. Ndiyo maana nakuamini."

Akatoka. Shangazi kidevu kilikuwa kimeshagusa meza, na Meya hakuona.

Siku hiyo alinisimulia zaidi ya mara moja, akikunja vidole. "Nimesema kiti. Nimesema mimi. Nimesema mgongo. Hebu niambie wewe uliyesoma, kuna neno gani limebaki?" Nusu niliyosoma haikufika huko.

Kikao kilichofuata kilikuwa cha mwisho kabla ya mkutano wa baraza. Maji hayakuguswa. Mbwa hawakuguswa. Walianza na kuishia yatokanayo. Mwanasheria alikuwa amekuja na kikaratasi kipya, cha rangi ya waridi.

"Kwa kuwa suala liko mbele ya kikao," akasema, "Kiti kisikaliwe mpaka lisikilizwe."

"Nisikae?" Meya akauliza. "Niongoze baraza nimesimama?"

"Utakaa, Mstahiki. Ila si kwenye Kiti. Kwenye kiti."

"Tofauti yake nini?"

"K."

Meya akamtazama Mkurugenzi kama anayeomba msaada. Mkurugenzi alikuwa anatazama feni.

Naibu akasema haifai Kiti kibaki ukumbini kitupu, mtu anaweza kukikalia. Meya akauliza mtu gani. Naibu akasema mtu yeyote, alikuwa anasema tu. Meya akasema basi kifungiwe stoo. Ikakumbukwa kwamba mtunza stoo ni shemeji yake Naibu. Ikapendekezwa ofisi ya Mkurugenzi, na Naibu akasema suala lilitoka kwa Mkurugenzi huyo huyo, asije akalimaliza kwa kulikalia. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kutazama kwenye chupa ya chai.

"Kwa Mama Muhtasari," Meya akasema. "Yeye hana upande."

Shangazi, ambaye upande wa kushoto wote ulikuwa umekufa ganzi kwa stuli, akaandika: *Kiti kihifadhiwe ofisi ya katibu muhtasi.*

Kilikuja kimebebwa na askari wanne wa jiji, wamelowa jasho kama wamebeba mgonjwa. Ni kiti cha Meya cha ukumbini, cha mbao nyeusi, mgongo wake umezidi kimo cha mtu, ngozi nyekundu iliyopigiliwa misumari ya shaba, mikono mipana ya kuwekea mikono ya mtu anayekataa mambo. Mlangoni hakikupita. Wakakilaza, wakakipindua miguu juu, rangi ya fremu ikabanduka, kikapita. Ndani sasa nafasi hakuna.

"Hiki kibovu kitoke," mmoja akasema, akanyanyua kiti cha shangazi kwa mkono mmoja. Kikalia kidogo hewani.

"Nyie, hicho ndicho ninachokalia!"

"Si unaletewa kingine, Mama? Tena umepandishwa!" Wakacheka, wakakipeleka stoo.

Juu ya Kiti wakabandika karatasi: KISIKALIWE. Shangazi mwenyewe ndiye aliyeichapa asubuhi ile, na kwa kuwa Mkurugenzi alitaka ionekane, aliichapa kwa herufi kubwa tupu.

Akabaki amesimama. Alichapa amesimama, ameinama kama mtu anayenawa uso. Mgongo ulianza kwa kunong'ona, ukaja kusema, ukaja kupiga kelele. Akajaribu kukaa kwenye ukingo wa dirisha, mikono haikufika kwenye kompyuta. Akajaribu kupiga magoti, magoti nayo yakaleta hoja yao. Mkurugenzi akachungulia.

"Mama, muhtasari wa jana nausubiri. Baraza liko karibu."

"Nikae wapi, Mkurugenzi?"

Mkurugenzi akakitazama Kiti. Akaitazama karatasi. Akamtazama shangazi. Ukimwacha shangazi, Mkurugenzi peke yake katika jengo lile ndiye aliyekuwa anajua ukweli. Midomo ikatikisika, na shangazi akadhani sasa litasemwa.

"Hilo..." akasema, "liweke kwenye mengineyo."

Akafunga mlango polepole.

Shangazi anasema hakuamua. Anasema miguu ndiyo iliyoamua. Akakizunguka Kiti, akaibandua ile karatasi kwa adabu, akaiweka mezani uso chini, akakaa.

Nimemwomba mara nyingi anieleze alivyojisikia, na yeye, mtu wa kuandika kila kitu, hupungukiwa. Anasema tu kwamba mgongo ulinyamaza. Kiti kilibaki pale pale alipokikalia. Hakikushuka, hakikupinda, hakikuserereka. Ila kilikuwa kirefu, miguu ikaning'inia. Akafungua droo, akautoa mto wa Fundi, akauweka juu ya boksi la karatasi, akakanyaga. Mto ukapata kazi yake hatimaye.

Alikuwa amefika ukurasa wa pili wa muhtasari mlango ulipofunguka. Meya.

Akasimama mlangoni. Akautazama mkono wa shangazi juu ya mbao nyeusi. Akaitazama karatasi iliyolala uso chini. Shangazi akataka kuinuka, lakini Kiti kile ni kirefu na miguu ilikuwa imelala juu ya mto wa Fundi, akabaki katikati, si amekaa, si amesimama. Moyoni akaaga: akaaga kazi, akaaga picha za kwenye ngazi, akaaga hata chupa ya chai.

"Mstahiki, mmenichukulia changu..."

"Shh." Meya akaingia, akachungulia korido kushoto na kulia, akafunga mlango. "Umefanya vizuri. Umefikiri vizuri sana, Mama. Mtu akija kukiiba, akute mtu."

"Mstahiki?"

"Usiinuke. Kikalie hivyo hivyo. Mpaka mimi nikuambie." Akamshika bega kwa huruma. "Najua si raha."

Akatoka.

Baraza likafanyika, Meya akiwa kwenye kiti cha plastiki kilicholia kila alipotoa uamuzi. Madiwani walisema "Naomba Kiti kinilinde" huku wanatazama pengo. Suti ya Naibu ikaisha, akaichukua, akaivaa, hakuwa na pa kuikalia. Mikutano ikaendelea kupangwa, na kila ajenda ikafunguka na yatokanayo: Suala la Kiti. Kila mara likaendelea kikao kijacho. Shangazi akaacha dawa ya kuchua. Akarudi kucheka.

Mpaka kikao kimoja cha maandalizi, wakubwa wakiwa wamechoka, Mkurugenzi akainua mkono.

"Mstahiki, napendekeza Suala la Kiti lifutwe. Kiti kirudi ukumbini, tuendelee na mbwa."

Mwanasheria hakuwa na kikaratasi. Naibu akasema hana pingamizi, suti itambana muda si mrefu. Meya, ambaye plastiki ilikuwa imemchora mistari, alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali. Halafu akasita.

"Lakini tusifute tusichokijua. Mama Muhtasari, hebu tusaidie. Hili suala hasa lilihusu nini?"

Ndilo swali alilolisubiri tangu mwanzo. Shangazi akainuka kutoka kwenye stuli yake. Jibu alikuwa nalo ulimini: ni kiti changu, waheshimiwa, kile kinachoshuka. Sekunde moja tu na kila kitu kinaeleweka. Akamtazama Mkurugenzi, Mkurugenzi akaanza kutoka jasho, ingawa feni ilikuwa yake. Shangazi akakiona kile kiti kibovu kinatolewa stoo. Akakiona kinarudi mezani kwake na antena yake. Akaisikia korido nzima ikimwambia tutaliona, Mama, tutaliona.

"Ni suala pana, Mstahiki," akasema.

"Pana?"

"Pana. Lina miguu mingi."

Meya akashusha pumzi ndefu, akavua miwani. "Basi liendelee. Yatokanayo."

Shangazi akakaa, akaandika.

Jioni nilimuuliza kama haogopi. Alikuwa anapakua, Fundi anasubiri sahani yake. Akafikiri kidogo, kijiko hewani.

"Mimi niliomba kiti, wakanipa Kiti," akasema. "Hiyo K wameisoma wenyewe. Haya, yatokanayo na jana: nani amemaliza sukari?"